Kupaua upya karakana ya uani: ile mbao ya chini ya kenchi sio urembo

*“Habari mtaalamu. Mimi ni seremala, nina karakana nyuma ya nyumba huku Kigamboni, kama kilomita moja hivi kutoka baharini. Ni mita 6 kwa 9, ukuta wa tofali za nchi 6, lenta ipo juu ya mlango na madirisha tu. Paa la sasa ni mirunda na bati za zamani, mchwa wameshaingia, na katikati kuna nguzo mbili zinanisumbua kila nikigeuza mbao. Nataka kulitoa lote nipaue upya mwenyewe na vijana wangu wawili. Nilikuwa nafikiria niweke bati geji 32 ili ukuta usilemewe, kenchi nizitoe zile mbao za chini maana naona ni urembo tu na mimi nataka nafasi ya kusimamisha mbao ndefu, na jirani ananishauri nifanye paa la kuficha kama nyumba za siku hizi. Bati za zamani baadhi bado nzima, nitazichanganya na mpya. Je, niko sawa? Na nianze na nini?”*

Salama kaka, na asante kwa kuandika vipimo, maana wengi wananiuliza "paa bei gani" bila hata kusema upana wa jengo. Kwa jinsi nilivyokuelewa una hofu moja kubwa, kwamba paa jipya litakuwa zito na ukuta wako wa nchi 6 utashindwa kulibeba, na hiyo hofu ndio imezaa mawazo mengine yote, bati nyepesi, mbao chache, paa dogo dogo. Hofu yenyewe naielewa ila imeelekea upande usio sahihi. Ukuta wa tofali za nchi 6 uliojengwa vizuri unabeba paa la bati bila hata kuhema, kenchi (zile fremu za mbao za pembetatu), papi (mbao zinazolala juu yake na kupigiwa bati) na bati vyote pamoja havizidi kilo 15 au 20 kwa kila mita mraba. Huko uliko, kilomita moja kutoka baharini, shida ya paa lako ni kwamba linataka kupaa, tena lenyewe limeshapewa jina.

Miaka kadhaa nyuma niliitwa kwenda kuangalia karakana ya fundi welding, paa lilikuwa limeondoka usiku. Nilitegemea kukuta bati zimetawanyika mtaa mzima. Nikalikuta paa zima limelala juu ya migomba ya jirani, kenchi zote, papi zote, msumari wa bati haukung'oka hata mmoja, kazi ya juu ilikuwa safi kabisa mpaka inatia huruma. Kilichokosekana ni kati ya paa na ukuta, mbao ya kulalia juu ya ukuta ilikuwa imewekwa kwa udongo wa saruji tu na misumari miwili miwili ya kukatisha, basi. Paa lilikuwa limekaa juu ya ukuta kama kofia kichwani.

Upepo unafanyaje mpaka unyanyue? Ukipita juu ya paa unaongeza kasi pale kwenye mgongo, na juu ya bati panakuwa na mvuto wa kwenda juu, sawa na unavyonyonya soda kwa mrija. Sasa karakana ina tabia moja mbaya kuliko nyumba ya kuishi, ina mlango mkubwa na mara nyingi uko wazi, kwahiyo upepo unaingia ndani, unakosa pa kutokea, unasukuma bati kutoka chini wakati ule wa juu unavuta. Tufanye hesabu kidogo. Upepo wa kama kilomita 108 kwa saa una nguvu ya karibu kilo 55 kwa mita mraba. Kenchi zako zikiwa zimeachana mita 1.1 na bati limetoka nje ya ukuta sentimita 60 kila upande, kenchi moja inahudumia kama mita mraba 8, yaani inavutwa juu na kilo 440 hivi. Toa uzito wa paa lenyewe, tuseme kilo 120, zinabaki 320, gawa kwa miguu miwili: kila mguu wa kenchi unavutwa kwenda juu kwa kilo 160, zaidi ya mifuko mitatu ya saruji. Na hapo sijaongeza ule wa mlangoni. Kimbunga Hidaya kilipokuja pwani yetu Mei 2024 watu walishtuka sana, lakini kwa paa lililofungwa kienyeji huhitaji hata kimbunga chenye jina, zile dhoruba za mwanzo wa masika zinatosha.

Ndio maana geji 32 kwako inanipa wasiwasi, maana namba ya geji ikiwa kubwa bati ni jembamba zaidi. Bati jembamba linapasuka kuzunguka msumari, upepo unalichezesha chezesha mpaka tundu linakuwa kubwa kuliko kichwa cha msumari halafu linachomoka. Alafu hewa ya chumvi inakula, na bati jembamba halina nyama ya kuliwa. Mimi kwako ningeweka geji 28, ikishindikana kabisa geji 30 ya kiwanda kinachoeleweka, ambayo inatakiwa iwe na unene wa kama milimita 0.3 (28 ni kama 0.4). Nenda na ile venia ya kupimia unene, wewe ni fundi najua unayo au unaweza kuazima, usiamini maandishi tu, kuna bati zimeandikwa geji 30 ukizipima unacheka.

Tuje kwenye mbao ya chini. Kaka yangu, hii naomba unisikilize vizuri kwa sababu wewe mbao unaijua kuliko mimi ila kabati na kenchi ni vitu tofauti. Simama kwenye sakafu yenye vigae, vaa soksi, panua miguu kiasi halafu mtu akukalie mabegani. Miguu inafanya nini? Inateleza kwenda nje. Sasa funga kamba kati ya vifundo vyako viwili, unasimama vizuri tu. Ile kamba ndio mbao ya chini ya kenchi, mafundi wengine wanaiita taibimu. Rafta mbili, yaani mbao za mteremko zilizoegemeana juu, zinasukuma kuta kwenda nje muda wote, usiku na mchana, na mbao ya chini ndio inazishika zisiachane. Kwa upana wako wa mita 6 na mwinuko wa mita 1, huo msukumo unakaribia kilo 100 kwa kila kenchi kwa uzito wa paa peke yake, mtu akipanda juu au mvua kubwa ikipiga unaongezeka, na ukipunguza mwinuko uwe nusu mita msukumo unakuwa mara mbili. Ukuta wako hauna lenta ya kuzunguka, yaani mkanda wa zege na nondo, hauna cha kupinga kusukumwa hivyo. Utaanza kuona ufa wa kulala chini ya mistari miwili ya mwisho ya tofali, alafu mgongo wa paa unashuka katikati kama godoro la zamani, halafu mlango unaanza kugoma kufunga. Zile nguzo mbili zinazokusumbua sasa hivi ndio zilikuwa zinafanya hiyo kazi kwa namna yake, zimebeba mgongo ili mirunda isisukume. Kwahiyo nguzo unaweza kuzitoa, sawa kabisa, ila ukitoa nguzo mbao ya chini lazima iwepo. Huwezi kutoa vyote.

Nafasi ya kusimamisha mbao ndefu inapatikana kwa njia nyingine. Ukitaka kujenga mistari miwili zaidi ya tofali kabla ya lenta unapata karibu nusu mita, na hiyo ndio njia ya bei nafuu kuliko kuchezea kenchi. Kuna kenchi ambazo mbao ya chini imepandishwa juu kidogo, zipo na zinafanya kazi, lakini rafta inatakiwa iwe nene na viungo vyake vipigiwe hesabu, hiyo sio ya kujaribu kwa macho. Na nikuulize swali la uchokozi: ukishakuwa na mbao za chini, utaacha kupanga mbao zako juu yake? Seremala gani ameacha! Mbao ya paini ya 2x6 futi 12 ikiwa kavu ni kama kilo 14, ishirini tu ni kilo 280, mninga ni zaidi. Kama unajua utaweka, na utaweka, sema mapema ili mbao za chini za kenchi mbili tatu za upande huo ziwe 2x6 na mzigo ukae karibu na ukuta badala ya katikati.

Paa la kuficha mimi silipendi kwa karakana, nasema wazi. Kwenye nyumba ya kuishi ni fasheni na mtu ana haki yake. Lakini lile paa lina bati lenye mlalo mdogo na gata lililojificha nyuma ya ukuta, na gata hilo ukilipa vumbi la randa na majani ya mwembe likiziba maji hayana pa kwenda ila ndani, juu ya mbao zako na mashine yako. Mvua ya milimita 30 tu juu ya paa la mita mraba 60 na kitu ni lita 1,800 na zaidi, ni simtanki inajaa. Kwenye paa la kawaida gata likiziba maji yanamwagikia nje na unagundua siku hiyohiyo. Uzuri wa paa la kuficha ni kwamba ule ukuta wa juu unakinga pembe za bati zisipigwe upepo moja kwa moja, hiyo nalipa haki yake, ila haifidii. Mgongo mmoja, yaani paa la kuelekea upande mmoja, ni rahisi zaidi kwa mtu anayejenga mwenyewe na halisukumi ukuta, ila kwa mita 6 bila nguzo ya katikati utahitaji rafta za 2x8 au chuma, na hesabu yake mwisho inakaribia kenchi. Kenchi za chuma cha skwea paipu nazo mchwa hagusi, lakini kwako chumvi inagusa, kila penye weld rangi ikiachia kutu inaanzia hapo, kwahiyo uwe tayari kupanda juu kila miaka michache na brashi.

Basi mimi ningekupaulia mgongo wa tembo wa kawaida, yaani paa la miteremko miwili. Kenchi 9, zinaachana mita 1.1 na kidogo, mbao 2x4 zenye dawa, kingposti (mbao ya wima) katikati na vishikizo viwili vya mshazari vinavyotoka chini ya kingposti kwenda katikati ya rafta, mwinuko mita 1 mpaka 1.2, papi za 2x3 kila sentimita 80 au 90, na mbili za mwisho kule chini na kule mgongoni zikaribiane zaidi. Mbao ya chini ya mita 6 pengine hutaipata nzima, utaunga. Hapo ndio useremala unaponitisha, maana najua utataka kuchonga ulimi na tundu, kitu kizuri kinachokaa bila hata gundi. Kwenye kenchi kiungo hicho kinavutwa kama kamba, na ukichonga umepunguza nyama pale pale inapohitajika. Kata mbao mbili ziguse vichwa kwa vichwa, weka kipande cha 2x4 kila upande chenye urefu usiopungua sentimita 90, piga boliti mbili kila upande wa kiungo na misumari kati yake, usipige yote kwenye mstari mmoja wa nyuzi za mbao itapasuka. Ni mbaya kwa macho, najua. Kwenye miguu ya kenchi, pale rafta inapokutana na mbao ya chini, weka vibao vya plaiwudi ya milimita 12 pande zote mbili, na misumari ya kutosha inayotokea upande wa pili ukaikunja.

Kuhusu mbao zenye dawa. Paini nyingi ya Dar inatoka nyanda za juu kusini, Sao Hill kule Mufindi na mashamba ya jirani, na paini bila dawa mbele ya mchwa wa pwani ni chakula. Lakini kuna mbao zimechovywa tu, zina ukijani kwa nje kama zimepakwa maji ya mboga. Unapochagua, omba wakate kipande cha sentimita chache, sio pale mwishoni kabisa, ukijani unatakiwa uonekane umeingia ndani kwenye mbao. Ukikuta mstari mwembamba tu pembeni na katikati nyeupe, zirudishe. Kila utakapokata mwenyewe paka dawa mpya kwenye mkato. Na jambo ambalo halisemwi sana: vile vipande vinavyobaki visiende jikoni wala kwa mama ntilie. Dawa ile ya kijani kwa kawaida ina shaba, kromiamu na aseniki, moshi wake na jivu lake ni sumu. Vumbi lake pia, vaa barakoa unapokata.

Sasa kufunga paa na ukuta, ambapo ndio pesa yako iende hata kama utabana kwingine. Bati na mirunda ikishashuka, mwaga lenta ya kuzunguka jengo zima juu ya ukuta, upana sawa na tofali na kimo cha sentimita 20, nondo nne za milimita 12, ringi kila sentimita 20, zege moja mbili nne (saruji, mchanga, kokoto). Ila lenta peke yake haitoshi, mita moja yake ina kilo 70 hivi, na sisi tumesema mguu wa kenchi unavutwa kilo 160. Kwahiyo kila mahali kenchi itakapokaa, kabla hujamwaga, toboa ukuta mistari mitatu ya tofali kwenda chini, ingiza nondo ya milimita 10 iliyokunjwa mguu, jaza zege, na nondo ipande ipite kwenye lenta itokee juu sentimita 40. Hapo kenchi ikitaka kuruka inabidi inyanyue lenta pamoja na kipande cha ukuta, jumla inazidi kilo 300, haiwezi. Mwagilia maji siku 7, usipandishe kenchi kabla. Ukishaweka kenchi, ile nondo inakunjwa juu ya mbao ya chini, inarudishwa na kupigiwa misumari ya kukunja mpaka haitikisiki kwa mkono. Halafu funga mbao za mshazari kati ya kenchi na kenchi, upande kwa upande, la sivyo zote 9 zinaweza kulala upande mmoja kama karata. Hilo watu wanaliruka sana kwa sababu halionekani likikosekana, mpaka siku likionekana.

Bati agiza zikatwe kiwandani kwa urefu wako. Kwa mwinuko wa mita 1 na kutoka nje sentimita 60 unahitaji kama mita 3.85 kwa upande, ukinunua zile za mita 3 utaunga katikati na kila kiungo ni mlango wa maji. Upana unaofunika ukihesabu sentimita 75 unapata bati 13 kila upande, 26 jumla, lakini muulize muuzaji upana wa aina yako, msauzi na ya migongo midogo hazilingani. Tumia skrubu zenye mpira, sio misumari, kwenye kingo zote za paa usiruke mgongo hata mmoja maana pembeni ndio upepo unavuta zaidi, katikati unaweza kuruka mmoja mmoja. Na ukitaka kukata bati tumia mkasi wa bati, greenda iache chini. Cheche za greenda zinaunguza ile ngozi ya zinki na vipande vya chuma vinavyobaki juu ya bati vinaota kutu ndani ya wiki, unakuta paa jipya lina madoa ya chai.

Bati za zamani usichanganye. Zina matundu ambayo hayatakutana na papi zako mpya, na sehemu zilizolaliana chini yake kutu imeshaanza hata kama juu zinang'aa. Zungushia banda la kuku au funika mbao za nje.

Kuna mambo sitaki ufanye kwa maelezo yangu tu. Kama kwenye ukuta kuna ufa wa mshazari unaopitisha sarafu, au ukidondosha timazi juu ya ukuta ukakuta umeinama zaidi ya sentimita mbili, usimwage lenta, ita mhandisi aje aone kwa macho yake kwanza. Waya wa umeme kama umefungwa kwenye paa au ukuta huo, nenda TANESCO wausogeze, kuzima swichi kuu hakuzimi waya unaotoka kwenye nguzo mpaka kwenye mita. Na kama kati ya zile bati za zamani kuna vigae vya kijivu vizito, vigumu kama saruji, vyenye mawimbi, hiyo inaweza kuwa asbesto. Usiivunje kwa nyundo, usiikate, usiifagie ikiwa kavu, vumbi lake linaingia kwenye mapafu na linakaa humo miaka. Pata ushauri wa NEMC, lile baraza la taifa la mazingira, kabla hujagusa. Pitia pia ofisi ya manispaa ujue kama kibali kinahitajika, ni bora uulize kabla ya bati kushuka kuliko wakukute uko juu.

Muda mzuri ni Juni mpaka Septemba, mvua chache, ila kusi inavuma, kwahiyo bati mpandishe asubuhi mapema kabla upepo haujaamka, bati la karibu mita nne mikononi mwa kijana mmoja juu ya papi ni tanga la jahazi.

Na umeuliza uanze na nini. Jumamosi hii, kabla hujanunua hata msumari, chukua futi ndefu na kijana mmoja, pima kona kwa kona juu ya ukuta, zote mbili. Jengo la 6 kwa 9 likiwa skwea kila moja inatoka mita 10.82. Zikitofautiana sentimita mbili tatu utarekebisha kwenye mbao ya kulalia ukutani, zikitofautiana kumi niandikie tena na vipimo vyote vinne vya kuta, maana hapo hata bati itabidi tuzihesabu upya.